Hasira ya Mama Nzigire

Watu wa Louisville wanasema Mama Nzigire aliligawa kanisa. Wanasema hivyo mpaka leo, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye simu za video zisizokwisha. Wanasema alikuwa mwanamke wa kiburi ambaye hakutaka kuongozwa na mdogo wake. Mimi naitwa Alliance. Kanisa hilo liligawanyika kwa ajili yangu, na hao wanaosema hawajawahi kuniuliza hata neno moja. Basi nitasema bila kuulizwa.

Mama Nzigire alizaliwa upande wa Fizi, katika jamaa ya Marafiki, wale ambao wengine huwaita Wakweka. Imani yetu haina mambo mengi. Mungu ameweka nuru yake ndani ya kila mtu, mwanamume na mwanamke. Anayeguswa na Roho anasimama na kusema. Na hatushiki silaha. Kwa ajili ya hilo la mwisho baba yake Mama Nzigire aliuawa: waasi walimpa bunduki, akakataa kuipokea. Siku hiyo hiyo binti yake akakimbia, mdogo wake Birindwa akiwa mgongoni, na hakumtua mpaka walipokuwa wakimbizi Tanzania. Mama yao alikuwa amekwisha kufa. Birindwa alikula kilichopikwa na dada yake, akavaa kilichofuliwa na dada yake, akasoma kwa sababu dada yake aliacha kusoma.

Mama Nzigire ndiye aliyetangulia kufika Amerika. Louisville hapakuwa na Marafiki wa kwetu hata mmoja. Makanisa mengine ya Wakongomani yalimkaribisha vizuri, aje, aketi na akina mama, apike siku za sikukuu. Akashukuru, akarudi kwenye fleti yake, akasimamisha magodoro ukutani ili sebule ipate nafasi, akaanza ibada na majirani wachache. Wiki nzima alikuwa akiwainua na kuwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Jumapili alisimama mbele yetu na kusoma Neno, kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza, mpaka mtu mmoja akaguswa. Kila familia mpya ilipotua uwanja wa ndege ilimkuta pale na makoti mikononi. Mimi mwenyewe alinifundisha kuendesha gari katika maegesho ya duka lililofungwa, akipiga kelele, "Kanyaga breki, mtoto wa watu! Breki!"

Watu waliongezeka mpaka tukapanga ukumbi. Ndipo Birindwa alipofika, kijana mwenye cheti cha chuo cha Biblia na sauti nzuri. Dada yake alifurahi kupita kiasi. Ni yeye aliyempendekeza awe mchungaji. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda. Halafu ikaja maikrofoni, na maikrofoni ikawa na mwenyewe. Kimya kikafutwa kwa sababu vijana wanachoka. Akina mama wakaambiwa wakiguswa waguswe siku yao ya Jumatano. Na matangazo ya kanisa yakaanza kumwita Birindwa mchungaji mwanzilishi. Mama Nzigire aliliona neno hilo, akacheka, akasema, "Mwacheni, bado ni mtoto." Alikuwa akimpenda.

Mume wangu, Ombeni, ndiye aliyepiga kinanda. Alikuwa akinipiga na mimi pia. Sitayaeleza yote. Kanisani alikuwa mtu wa kutabasamu, anayewabebea wazee viti. Nyumbani chakula kikichelewa, au nikiongea na simu akiwa amelala, mkono wake haukuwa na breki. Jumamosi moja alinipiga kofi la sikio la kushoto, nikasikia kitu kikipasuka ndani, kisha upande huo dunia ikazimika. Nilimchukua mtoto wetu Mizero, wakati huo bado ananyonya, nikaenda kwa Mama Nzigire nikiwa na kandambili kwenye baridi. Hakuniuliza nilimkosea nini mume wangu. Alinitazama, akachukua ufunguo wa gari. Hospitali daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka na huenda nisisikie tena upande huo. Kwa kweli sisikii mpaka leo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliitwa kwenye chumba cha watoto. Birindwa na wanaume watatu wa kamati walikuwa wameketi kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yamefika kifuani. Ombeni alikuwa pembeni, macho mekundu.

"Donc, yaya," Birindwa alianza, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Tumemsikia ndugu Ombeni. Amekiri. Amelia mbele yetu. Sasa mke wake arudi nyumbani, sisi tutawaombea na kuwafuatilia."

"Amelia?" Mama Nzigire akauliza.

"Amelia, yaya. Wote tumeona."

"Bon. Na machozi yake yatashona sikio la mtoto huyu?"

Mzee mmoja wa kamati akasema kwa upole kwamba polisi wa nchi hii wakiingia katika ndoa, ndoa inakufa, na mwanamume anaweza hata kurudishwa Afrika. Birindwa akaitikia. "Sisi Marafiki ni watu wa amani, yaya. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hatupigani, hatushtakiani. Baba alikufa kwa ajili ya amani."

Nilikuwa sijawahi kumwona Mama Nzigire na hasira ya kweli. Kelele za breki zilikuwa mapenzi. Hii ilikuwa kitu kingine. Uso wake ulitulia kabisa, na sauti ikashuka.

"Usimtaje baba," alisema. "Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umelala. Mimi ndiye niliyesikia. Alikataa bunduki, lakini hakukataa kusema. Aliwaambia wale watu kwa majina yao, wewe mtoto wa fulani, ulikula kwangu, leo umekuja kuua watu. Walimwua akiwa bado anawakemea. Hiyo ndiyo amani iliyomwua. Siyo hii yenu ya kumrudisha msichana apigwe sikio la pili."

"Yaya, ukisema hivyo unaleta mgawanyiko."

"Mgawanyiko uliletwa na mkono wake. Mimi nimeukuta."

Sikurudi kwa Ombeni. Wiki moja baadaye, katikati ya ibada, Birindwa alitangaza kwamba mama yetu mpendwa Nzigire amepumzishwa kusema mbele ya kanisa, ili apate muda wa maombi. Mama Nzigire akasimama pale pale alipokuwa. "Nimeguswa," alisema, kama tunavyosema siku zote. Birindwa akageuka akamtazama Ombeni, akamfanyia ishara ya kidole. Na Ombeni, mtu yuleyule, akaanza kupiga kinanda. Akapandisha sauti. Mama Nzigire alikuwa anasema, midomo ilikwenda, mishipa ya shingo imesimama, na hatukusikia kitu isipokuwa wimbo wa sifa. Watu ambao aliwavika makoti uwanja wa ndege waliinamisha vichwa. Wengine wakaanza kupiga makofi kufuata wimbo. Nawakumbuka kwa majina.

Alifunga mdomo. Akatembea mpaka jikoni, mimi nyuma yake. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria zake mbili kubwa, zile alizopikia kanisa tangu siku za magodoro, zimejaa maharagi ya chakula cha mchana. Akachukua trei za karatasi ya fedha, akaanza kumimina. Mama mmoja akaingia mbio, "Mama Nzigire, unafanya nini?"

"Maharagi ni yenu. Sufuria ni zangu."

Tulitoka tumezibeba, zikiwa bado za moto, Mizero mgongoni kwangu akinuka moshi wa vitunguu.

Tulikwenda mji wa Columbus, kwa binti yake Chimène, ambaye alikuwa anasomea uuguzi na kupanga nyumba ndogo katika mtaa wa Clintonville. Chimène alitupokea vizuri, ingawa kila mama yake alipomsemesha Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, na kila mama yake alipoanza habari za Birindwa alisema, "Mama, mpeleke mahakamani," kisha akarudi kwenye vitabu vyake. Kwa kweli yeye ndiye aliyeniandikishia maombi yangu mahakamani, amri ya kumzuia Ombeni asinikaribie. Ilikuwa bado inashughulikiwa.

Karibu na hapo kulikuwa na nyumba ya ibada ya Marafiki wa Kizungu. Mama Nzigire alipoisikia hakulala kwa furaha. "Hawa ndio waliotuletea imani," aliniambia. "Tumekuja kwa wazazi."

Ilikuwa nyumba ya mbao, safi, mabenchi yanatazamana. Hakuna mchungaji. Hakuna kinanda. Waliketi kimya saa nzima, na kimya hicho Mama Nzigire alikinywa kama maji, machozi yanamtoka. Tulimkuta huko Emmah, Mkenya wa Vihiga aliyekuja kusoma na sasa ni mtu wa bima, naye akawa mkalimani wetu. Na tulimjua Ardith, bibi wa miaka mingi mwenye fimbo, aliyekuwa karani wa mkutano, maana Marafiki wasio na mchungaji huwa na karani.

Ukutani palikuwa na kitambaa kilichotariziwa picha ya mwanamke mwenye kofia nyeupe. Ardith alitueleza kwamba huyo ni bibi wa mabibi zake, Mercy Coale. Alivuka bahari kutoka Uingereza zamani za makoloni, mwanamke peke yake. Katika mji mmoja alichapwa viboko hadharani kwa sababu alisimama kuhubiri. Akatoka hapo akaenda porini, akajenga nyumba ya kwanza, akawaita wote waliofukuzwa, pakawa kijiji.

Mama Nzigire alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Kisha akauliza, "Pori hilo lilikuwa la nani?"

Emmah akasita kabla ya kutafsiri. Ardith akawa mwekundu. "La wenyeji," alisema. "Hilo hatukuliandika kwenye kitambaa."

"Na alipochapwa, alikasirika?"

"Tunasema aliwasamehe."

"Sikuuliza hilo," Mama Nzigire akasema, lakini siku hiyo alikuwa bado anatabasamu.

Wakati huo simu zilikuwa zimeanza kuingia kutoka Louisville. Mwanamke mmoja, halafu mwingine, wote wa kanisa letu, wananong'ona wakiwa bafuni: Mama, kuna nafasi huko? Nyuma ya nyumba ya ibada palikuwa na nyumba ndogo ya mlinzi, tupu. Mama Nzigire akaiomba kwa ajili ya wanawake hao. Ardith alifurahi. Lakini Marafiki wale hawapigi kura. Wanakaa, wananyamaza, wanatafakari, mpaka wote wawe na nia moja. Wakakaa mwezi. Wakakaa mwezi mwingine. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa hajaona nuru. Alisema kwa sauti laini kwamba wamesikia upande mmoja tu, na haki inataka pande mbili.

"Si watu wabaya, mama," Emmah alimwambia Mama Nzigire. "Ni watu wa polepole tu."

"Huyo mwanamke anayenong'ona bafuni naye nimwambie apigwe polepole?"

Hatukujua kwamba yule mwenye ndevu, kwa ajili ya haki yake hiyo, alikuwa ametafuta namba ya kanisa letu Louisville akampigia Birindwa, akamweleza vizuri tuko wapi na tunaomba nini.

Jumapili moja tulikuwa kwenye kimya. Mizero alikuwa ameketi karibu na mguu wangu anacheza na funguo za Chimène. Sikumsikia mtu akiingia, maana mlango ulikuwa upande wa sikio langu lililokufa. Nilisikia harufu. Mafuta ya kunyolea ya Ombeni, yale ya chupa ya bluu. Niligeuka kidogo. Alikuwa benchi la nyuma yangu, na Birindwa pembeni yake, wamevaa suti, mikono imekunjwa, macho yamefungwa kama wanaoomba. Ombeni akafungua macho akanitabasamia.

Mama Nzigire aliniona mimi kwanza, kisha akawaona wao. Akasimama.

"Nimeguswa," alisema kwa Kiswahili. "Emmah, simama, uwaambie kila neno. Usilainishe."

Emmah akasimama.

"Huyu aliyeketi nyuma ya binti yangu ndiye aliyempasua sikio. Huyu wa pembeni ni mdogo wangu. Nilimbeba nikamkimbiza na kifo. Wamejuaje tuko hapa? Mmoja wenu amewaambia." Yule mwenye ndevu akainua kichwa, akakishusha. "Mlitaka kusikia pande mbili. Pande mbili za nini? Kuna upande wa ngumi na upande wa sikio. Sikio limewaambia, mkaona haitoshi, mkaiita na ngumi ije ijieleze. Haya, imekuja. Iko hapa, inanukia vizuri. Nimenyamaza pamoja nanyi Jumapili nyingi nikidhani tunanyamaza ili tumsikie Mungu. Kumbe wengine mnanyamaza ili msimsikie mtu!"

Sauti yake iligonga kuta. Nadhani nyumba ile ilikuwa haijawahi kusikia mtu akipaza sauti namna hiyo.

Birindwa akainuka. "Ndugu zangu," alianza kwa Kiingereza chake cha chuoni, "dada yangu ana uchungu mwingi wa vita…"

"Keti!" Mama Nzigire akamwambia. "Hapa hakuna kinanda."

Akaketi. Naapa aliketi kama mtoto.

Ombeni hakuketi. Alizunguka benchi akamshika Mizero mkono. "Twende nyumbani," aliniambia, kimya kimya, kwa ile sauti ya nyumbani. Mtoto akaanza kulia. Mama Nzigire hakumgusa. Alikuja tu akasimama kati yake na mlango, karibu kabisa, kifua kwa kifua, mwanamke mfupi aliyezoea kuinua wazee. "Pita hapa juu yangu," alisema, "mbele ya watu wote hawa, ili waone upande wa pili." Na Ardith, yule bibi, akainuka na fimbo yake akaja akasimama pembeni yake. Emmah alikuwa tayari anaongea na polisi kwenye simu. Mwenye ndevu hakutoka kwenye benchi.

Mimi ndipo nikapata mdomo. "Mwachie mtoto," nilisema. "Sirudi. Sitarudi hata ukilia mbele ya kamati ya dunia nzima." Nilishangaa kwamba ni mimi ninayesema. Ombeni alitazama mlango, akatazama zile nyuso zote zilizomtazama, akamwachia Mizero, akatoka akikimbia. Polisi walimkuta kwenye maegesho. Amri ya mahakama ilitoka wiki hiyo hiyo.

Birindwa alibaki kizingitini. "Yaya," alisema, "umenivunjia heshima mbele ya Wazungu."

"Heshima!" Mama Nzigire akajibu. "Toka mbele yangu, Birindwa, kabla sijasema neno ambalo mama atalisikia kaburini."

Baadaye Ardith alituletea ufunguo wa nyumba ndogo. Alikuwa analia. Alisema wameona nuru sasa, wote, nyumba ni yetu.

"Mwambie asante," Mama Nzigire alimwambia Emmah. "Na mwambie siichukui. Siwezi kuwaambia wanawake waje walale mahali ambapo mtu mmoja mpole anaweza kuuchukua mlango akampa adui. Mwambie na hili: huyo Mercy wao walimtundika ukutani kwa sababu hawezi tena kusimama akasema. Angeingia leo na mgongo wake wenye alama za viboko, wangempigia simu aliyemchapa."

Emmah alilitafsiri lote. Ardith alipokea kila neno amesimama, akatikisa kichwa kukubali, na Mama Nzigire hakumbembeleza. Wakati huo niliona ni ukatili. Leo sijui.

Tulihamia Lackawanna, kusini ya Buffalo, kwa sababu Chimène alipata kazi ya hospitali huko. Mji ule uliishi kwa kazi ya kufua chuma, na kazi hiyo iliondoka. Tulipanga nyumba ya ghorofa mbili iliyokuwa na matundu ya panya na sebule kubwa. Mwanamke wa kwanza alifika kutoka Louisville kwa basi na watoto wake wawili. Wa pili alitoka mji wa jirani, Cheektowaga, mumewe ana kazi nzuri ghalani na gari jipya. Mama Nzigire alipata kazi nyingine ya kulea wazee, mimi nikaingia kiwandani, na wanawake wengine wakazidi kuja. Sasa ghorofa zote zimejaa na nyumba ya jirani pia tumeipanga. Jumapili tunaketi sebuleni kwa duara. Hakuna mchungaji na hakuna mashine ya kukuza sauti. Wanaume wanaruhusiwa, na wanakuja, wazuri tu, wanaketi na kungoja kuguswa kama sisi. Theogene, Mrundi mmoja mwenye karakana, aliungama siku moja mbele yetu wote kwamba alimpiga mke wake, kabla hajaulizwa, na Mama Nzigire alimwambia, "Asante. Sasa nenda ukaishi kwa kaka yako mpaka yeye mwenyewe akuite." Alikwenda. Mke wake hajamwita bado.

Mwaka jana, theluji imefika madirishani, Birindwa alikuja. Peke yake, bila suti. Kanisa la Louisville lilikuwa limebaki na watu wachache. Ombeni alikuwa ameoa tena, na mke wa pili naye alikuwa amevunjwa mkono. Hilo ndilo lililomleta. Aliketi kwenye duara letu, kimya kikapita, halafu akasimama. Alisema, "Nilimfanyia ishara ya kidole. Nilimwambia apige kinanda." Akaketi.

Wote tulimtazama Mama Nzigire. Mimi nilitegemea amkumbatie. Ni mdogo wake, alimbeba.

"Nimekusikia," alisema. "Bado nina hasira, Birindwa. Nina hasira asubuhi nikiamka, na nina hasira na wewe kuliko Ombeni. Sitadanganya mbele za Mungu kwamba imekwisha. Siku hasira hii itakapoisha nitakupigia simu."

"Na isipoisha, yaya?"

"Utakula hapa leo. Hilo ndilo ninaloweza."

Tulipakua ugali na samaki. Alikula kwenye kona, sahani mapajani, hakuna aliyemsemesha sana. Mizero, ambaye hamkumbuki, alimpelekea maji ya kunawa. Alipomaliza aliaga, akaenda zake kwenye theluji, na Mama Nzigire akaanza kukusanya vyombo, akivigonganisha kwa nguvu mpaka Chimène akamwambia kwa Kiswahili, "Mama, utavivunja."

"Acha vivunjike," alijibu, na akaendelea kuosha.